Ubadhirifu upi? Seli za kinga zinajua hesabu zake

Haya wapenzi wa teknolojia, leo tuziweke kando seva na programu, tuitazame mashine ya zamani zaidi: mwili. Kuna neno linalorudiwa sana kuhusu seli za kinga, nami silikubali.

Seli T iliyotulia, ambayo haijakutana na adui, hula kidogo. Huichoma glukosi kwa oksijeni ndani ya mitokondria, na kila molekuli moja huipa ATP zipatazo 30. ATP ndiyo sarafu ya nishati mwilini. Ikishamtambua adui, mambo hubadilika. Huongeza milango ya kuingizia glukosi, huivunja mbio mbio, na sehemu kubwa huitoa nje kama asidi ya laktiki, hata oksijeni ikiwapo tele. Njia hii huipa ATP 2 tu kwa kila molekuli. Mjerumani Otto Warburg aliuona mtindo huu kwenye uvimbe wa saratani miaka ya 1920.

30 kwa 2! Sisi watu wa programu tukiona namba kama hizo twasema papo hapo: hapa pana hitilafu. Ndiyo maana wengi huuita ubadhirifu.

Mimi nasema tunapima kitu kisicho. Seli hiyo haitafuti nishati peke yake. Yaweza kugawanyika mara 2 au 3 kwa siku. Kila mgawanyiko wataka DNA mpya, utando mpya, protini mpya. Kaboni ya glukosi ni sehemu ya matofali yake. Ukiiteketeza yote, utajenga kwa nini? Tena mitokondria hazizimwi, zinaendelea na kazi kando.

Ushahidi? Miongoni mwa swichi za mageuzi haya ni protini iitwayo mTOR. Rapamaisini, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, huibana swichi hiyo. Mwaka 1999 Marekani iliiidhinisha kwa waliopandikizwa figo. Je, seli zikibanwa huwa askari wabana matumizi? La. Hushindwa kuongezeka. Figo ngeni husalimika, lakini mgonjwa hupata maambukizi kwa urahisi.

Na vita vikiisha, seli chache zinazobaki kutunza kumbukumbu huzitegemea tena mitokondria. Hitilafu gani hiyo inayojua wakati wa kuanza na wa kukoma? Mjenzi halaumiwi kwa kutopikia mbao zake zote.