Kabla utoe pensheni ununue nduthi

Beshte yangu wa Free Area amefutwa kazi baada ya miaka minane. Wazo la kwanza: natoa pensheni, nanunua nduthi. Nikamwambia, buda, tuongee kodi kwanza.

Tangu 27 Desemba 2024, ukifika umri wa kustaafu, KRA haigusi pensheni yako. Ukitoa mapema kwa sababu ya ugonjwa, haigusi. Ukiwa mwanachama wa mfuko kwa miaka 20, haigusi. Nje ya hapo, huo msamaha huna, na kadiri pesa ilivyo nyingi ndivyo kodi inavyopanda.

Mimi hapo sikubali. Anayetoa mapema mara nyingi si mlafi. Anatafuta kodi ya nyumba, anakutana na kodi ya serikali. Sheria inabembeleza wenye kazi za kudumu, na wengi wetu tuko kwa kontrakti.

Lakini hadi ibadilike, usijiumize. Kama una njia nyingine ya kula, hamisha hiyo pesa kwa mfuko mwingine uliosajiliwa na RBA. Kama lazima utoe, uliza kwanza: baada ya kodi nabaki na ngapi? Hiyo ndiyo bei ya nduthi yako.