MAMBO YA NYUMBANI: Fundi Abishaye Hodi Bila Kuitwa

Nyumba nyingi za mawe katika Mji wa Kale wa Mombasa ni urithi wa ndugu wengi, na huenda ndiyo mali pekee waliyoachiwa na wazee wao. Mtu amdanganyaye mwenye nyumba hiyo kwa jina la matengenezo huwadhulumu jamaa wote. Kwa sababu hiyo, juma hili yafaa tueleze jinsi wadanganyifu hao wafanyavyo, ili kila mwenye nyumba, awe Kibokoni, Kuze au Majengo, awatambue mapema.

Dalili ya kwanza ni kwamba huja bila kuitwa, hasa siku za kabla ya masika. Hutazama ukuta, hutikisa kichwa, kisha husema, "Bi mkubwa, usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali ni ya kweli, lakini yeye huitumia kumtia mtu hofu asipate nafasi ya kuuliza. Ufa uliodumu miaka mingi waweza kungoja siku tatu, mpaka mafundi wengine wawili waje kuutazama na kutoa bei zao. Na ukuta ulio karibu kuanguka hauponi kwa lipu: kwanza watu watoke, kisha uegemezwe kwa magogo.

Dalili ya pili ni kutaka fedha nyingi mbele. Fundi mwongo hutaja bei kabla ya kupima, hudai nusu yake au zaidi "ili akanunue vifaa", na hukataa kuandika. Akiisha kuzipokea, huja siku mbili, huvunja lipu, hufunua dari, kisha hutoweka. Au hurudi mawingu yakiwa yametanda, na kudai nyongeza, akijua kwamba mwenye nyumba isiyo na dari hana nguvu ya kubishana.

Dalili ya tatu imo katika kazi yenyewe. Kuta za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikwa na boriti za mikoko. Chokaa huuacha unyevu utoke ukutani. Sementi ngumu huuzuia ndani pamoja na chumvi, hata lipu ikavimba na kubanduka, na vichwa vya boriti vikaoza. Fundi mdanganyifu hupenda sementi kwa kuwa hukauka upesi na kupendeza macho siku ya malipo. Tena wako waletao mchanga wa pwani usiooshwa. Chumvi yake hula nondo, na zege hupasuka baada ya miaka michache, yeye akiwa hayupo.

Dalili ya nne ni kusema, "Hakuna haja ya kibali." Maneno hayo ni ya hatari. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na mwenye nyumba apaswa kupata idhini ya serikali ya kaunti, na kuionyesha kazi yake kwa ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Kazi ikisimamishwa, mwenye nyumba ndiye atakayejibu.

Tena jihadhari na yule atakayesema kwamba mlango wako wa nakshi umeliwa na mchwa, naye atakuondolea bure. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 huihesabu milango iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vilivyolindwa. Mlango kama huo una thamani kubwa, na pengine yeye aujia huo kuliko ukuta.

Sasa, yapasa kufanya nini? Muulize fundi nyumba tatu alizozitengeneza, kisha nenda ukazione na kusema na wenyewe, hasa zilizokwisha kupitiwa na masika. Kama ni kontrakta, taka namba yake ya Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, nawe ukaihakikishe kwao, kwa maana karatasi yaweza kughushiwa. Vifaa nunua mwenyewe dukani, na risiti uziweke.

Mapatano na yaandikwe: kazi gani, kwa vifaa gani, kwa siku ngapi, kwa bei gani, na mashahidi wawili watie sahihi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Malipo yafuate kazi. Kwa mfano, kazi ya shilingi 300,000 yaweza kulipwa hivi: 60,000 za kuanza, 90,000 boriti mpya zikiisha kuwekwa, 120,000 lipu ikiisha, na 30,000 za mwisho baada ya mvua kuonyesha kwamba dari haivuji. Fundi mwaminifu hatachukizwa na utaratibu huo, kwa kuwa wamlinda yeye pia. Ulipapo kwa M-Pesa au benki, habari ya malipo hubaki.

Aliyekwisha kudanganywa asinyamaze kwa aibu, maana kimya chake humpeleka mwongo mlango wa jirani. Achukue mapatano, risiti na picha za kazi, apeleke habari polisi, kwani kujipatia mali kwa hila ni kosa la jinai. Tena Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inampa nafasi ya kudai kiasi kisichozidi shilingi 1,000,000, hata asipokuwa na wakili.

Na wewe, msomaji, ikiwa mama yako au shangazi yako mzee akaa peke yake katika nyumba ya urithi, mwambie leo kwamba fundi yeyote abishaye hodi aambiwe, "Ngoja kwanza, nitawauliza watoto."