Umenunua Land Rover la jeshi? Keria ingoje kwanza

Wewe uliyechanga pesa na mabeshte mkanunua Land Rover kuukuu la jeshi kwenye mnada, hongera. Lakini hebu skiza kidogo kabla hujampelekea fundi akuwekee keria kubwa juu. Fungua kwanza kila kifuniko, inua kila kiti, uone wanajeshi walikuachia nini.

Naongea hivi kwa sababu mimi na binamu yangu tulikaribia kuharibu. Mwaka jana tulinunua 110 ya jeshi ili wikendi tuwe tunapeleka watu kupiga kambi Suswa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, naye aliuza pikipiki yake. Kwa hivyo hili gari si la kupigia picha za mtandaoni. Ndiyo kazi yetu. Likianguka, tumeanguka nalo, pamoja na watoto wa watu waliotulipa.

Fundi wa kwanza alitupigia hesabu ya Sh45,000 za keria. Hatukuwa nazo, ndipo tukaanza kuchungulia. Gari letu lilikuwa la mawasiliano, umeme wake ni wa volti 24. Redio zilishatolewa, lakini sanduku la betri zake lilikuwa bado nyuma, tupu. Ubavuni kulikuwa na nafasi mbili za mitungi ya mafuta ya lita 20. Chini ya viti vya mbele kulikuwa na matangi mawili, na moja halikuwa likitumika. Yaani tulitaka kununua nafasi na tulikuwa tumeikalia.

Kwa nini nayapigania hayo masanduku ya chini? Ni uzito, bana. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kule Suswa maji ni shida, unabeba yako. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80, kama mtu mzima. Sasa mkalishe huyo mtu juu ya paa, kisha uingie mahali pa mawe gari likiwa limelala upande mmoja. Uzito ukikaa juu, gari linapinduka mahali ambapo lingepita bila wasiwasi. Shusha mitungi hiyo iwe chini, katikati ya magurudumu, na gari linatulia. Keria ni ya vitu vyepesi: hema, magodoro, blanketi.

Lakini kutumia masanduku haya nako kunataka akili. Mimi ndiye niliyetaka lile tangi la pili likatwe juu, lichomelewe kifuniko, liwe kabati la vyombo. Nikampelekea fundi mmoja mzee wa jua kali, mtu aliyeanza kushika Land Rover zamani zile zilipokuwa zikiunganishwa Thika. Nikamwambia, “Mzee, hili tangi limekaa kavu miaka mingi, tukate tu.”

Hakujibu. Alifungua kifuniko akaniambia, “Kijana, nusa.”

Nikanusa. Petroli, kama ya jana.

“Hiyo harufu ndiyo inalipuka,” akasema. “Tangi likijaa mafuta halinitishi vile hili tupu linanitisha.”

Hilo ni somo ambalo sikulitoroka. Petroli ikiisha, mvuke unabaki ndani ukichanganyika na hewa, na cheche moja ya mashine ya kuchomelea inatosha. Tulifungua bolti, tukalitoa tangi zima bila kulikata, na mahali pake tukaingiza sanduku la bati lililotengenezwa kwa vipimo vyake. Na usije ukaambiwa uoshe tangi kama hilo uweke maji ya kunywa. Hapana kabisa.

Jambo la pili ni gesi. Najua umeshapima ukaona mtungi wa kilo 6 unaingia vizuri kwenye sanduku la chini. Usiuweke. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama humo humo ikingoja mtu awashe sigara. Mtungi usimame wima, ufungwe vizuri, mahali hewa inapopita.

La tatu, umeme. Kwenye volti 24 usichomeke kifaa cha volti 12 moja kwa moja, utakiunguza. Pia usiibe volti 12 kutoka kwa betri moja kati ya zile mbili. Moja itachoka, nyingine itachajiwa kupita kiasi, na utanunua zote upya. Tafuta kifaa cha kushusha volti. Na kama sanduku bado lina betri, usirundike spana humo.

La nne, kutu. Land Rover ilipozinduliwa mwaka wa 1948 chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikawa ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Chuma kikigusana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu inaliwa. Kwa hivyo tumia matundu ya bolti yaliyopo badala ya kutoboa mapya, weka raba katikati, na usizibe vitundu vya kutoa maji chini ya sanduku.

Utasema masanduku yenyewe ni madogo. Ni kweli. Letu la betri sasa limebeba jeki, kamba ya kuvutia gari, na sanduku la huduma ya kwanza. La chini ya kiti lina sufuria na vyombo. Nafasi za ubavuni zina mitungi miwili ya maji, na mingine miwili tumeifunga sakafuni nyuma ya viti. Udogo wake umetufunza kuacha nyumbani vitu ambavyo hatuvihitaji.

Vijana wengi wanayang'oa masanduku haya na kuyauza kwa kilo kama chuma chakavu, kisha wanalipia kuwekewa mengine juu. Hiyo si kuboresha gari. Ni kununua hatari kwa pesa zako mwenyewe.

Sisi keria bado hatujanunua. Safari ya mwisho abiria mmoja alituuliza kwa wasiwasi kama tumesahau vyombo nyumbani. Binamu yangu akamwambia, “Dada, umevikalia.”