Mtoto aliyetengwa si mjinga

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, wazazi walioko nyumbani na sisi tulioko ughaibuni huuliza swali lile lile: mtoto huyu ana akili au hana? Tunaona kuna swali la kutangulia hilo: je, darasani wenzake wanamkubali?

Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Roy Baumeister, na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Walioambiwa kwamba wataishia kuwa wapweke maishani walifanya vibaya katika maswali ya kufikiri, ingawa yale mepesi ya kukumbuka hayakuwashinda. Kutengwa hakukuwafutia walichokijua. Kuliwakwamisha kukitumia.

Kwa watoto, ushahidi ulitoka India. Karla Hoff na Priyanka Pandey waliwapa wavulana 642 wa vijijini katika jimbo la Uttar Pradesh, nusu wa tabaka la juu na nusu wa tabaka la chini, mafumbo ya kutafuta njia kwenye karatasi. Tabaka zao zisipotajwa, walilingana. Zilipotangazwa mbele ya wenzao, watoto wa tabaka la chini waliporomoka. Akili zilikuwa zile zile. Kilichoongezeka ni tangazo.

Nasi tunayo matangazo yetu. Mtoto mwenye ualbino, ambaye mara nyingi haoni mbali, huachwa akae nyuma ya darasa, kisha husemwa ni mzito. Mtoto wa mkimbizi huitwa mkimbizi hata kama kazaliwa hapo hapo. Huku ugenini mtoto wetu huchekwa lafudhi, akanyamaza, na mwalimu akaandika kwamba haelewi.

Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Ni hatua njema. Lakini lango la shule likifunguliwa, halafu darasani msichana akapokewa kwa vicheko, kazi imefanyika nusu.

Tunayowaomba walimu hayangoji bajeti. Asiyeona mbali akae mbele. Majina ya dhihaka yakomeshwe. Makundi ya kazi yapangwe na mwalimu mwenyewe, asibaki mtoto wa kuchaguliwa mwisho kila siku.

Nanyi wazazi, kabla ya kumgombeza mtoto kwa alama zake, muulizeni anakaa na nani darasani na anacheza na nani wakati wa mapumziko. Akisema hana mtu, nendeni shuleni mkazungumze na mwalimu. Fimbo haitamsaidia.