Mtusaidie kuomboleza

KYAGHANDA, safu ya kila wiki
Na Kavira Masika, Butembo

Fomu ya kupima sonona ina maswali 9, yote kuhusu wiki mbili zilizopita. Umekosa usingizi? Umepoteza hamu ya kula? Mambo uliyoyapenda yamekuchosha? Kila jibu linapewa alama, kuanzia 0 hadi 3, kisha zinajumlishwa. Fomu hiyo imesaidia wagonjwa wengi duniani na sina ugomvi nayo mahali penye utulivu. Lakini mpelekee mama wa Kipese, au wa kijiji chochote cha Lubero ambako watu wamewahi kubeba mikeka jioni kwenda kulala mashambani kwa kuwaogopa waasi tunaowaita wachinjaji. Amekosa usingizi? Karibu kila usiku. Alama 3. Kumbe kukesha kwake ni akili timamu. Ningemhofia zaidi jirani yake aliyelala fofofo.

Siku hizi kila mradi unaopanda milima yetu una kipande cha "afya ya akili", na kila semina inafunguliwa kwa wimbo wa Kinande. Hapo waandaaji wanaridhika kwamba wameheshimu mila, halafu wanaendelea kwa Kifaransa.

Wangeanzia kwenye matanga. Huku mtu akifiwa haachwi peke yake. Majirani wanakuja na kuni na maharage, moto unawashwa uani, wanaume wanakesha, wamama wanalala chini pamoja na mfiwa. Wa kulia analia, wa kuchekesha anachekesha, na ukifika usiku wa pili zinatoka hadithi za marehemu ambazo padre asingepaswa kuzisikia. Baadaye wazee wanakaa kyaghanda, yaani baraza: watoto wataenda kwa nani, deni atalilipa nani, shamba linabaki mikononi mwa nani. Hakuna anayemuuliza mjane anajisikiaje, lakini nusu ya yale yanayomnyima usingizi yameshapata mwenyewe wa kuyabeba.

Dawa hiyo ilivunjwa mara mbili mbele ya macho yetu.

Kwanza ilikuja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, na ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Maiti wa Ebola anaambukiza, kwa hiyo hapakuwa na njia nyingine: wageni waliovaa kama wanaanga waliingiza mwili mfukoni, familia ikasimama mbali. Hofu, siasa na uongo vilichangia kuchomwa kwa vituo vya Katwa na Butembo mnamo Februari 2019, lakini ilikuwepo pia hasira ya watu walionyimwa kuwaaga wafu wao. Kuna waliolielewa hilo mapema. Shirika la ALIMA lilileta Beni vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ndugu akaweza kumwona mgonjwa wake na kusema naye. Katika malezi ya watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, UNICEF iliwaajiri waliopona, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. Wale wamama walibeba watoto mgongoni wakawaimbia. Mpaka leo sijaona kazi ya kisaikolojia iliyofanyika vizuri kuliko ile katika ardhi hii, na najiuliza kwa nini mishahara ya namna hiyo huisha siku ile ile ugonjwa unapoisha.

Kisha wachinjaji. Mnamo Septemba 2025, huko Ntoyo, wilayani Lubero, waliwavamia watu wakiwa matangani, usiku, na kuua zaidi ya 60. Sasa anayekwenda kumfariji jirani anapima kwanza umbali wa kichaka.

Ongeza waliokimbia vita vya Kanyabayonga na Kirumba tangu Juni 2024, wengi wakiwa wamebanana katika nyumba za ndugu. Ukipata habari ya kifo cha baba kwa simu, chini ya paa la mwenye nyumba ambaye maharage yake yanakwisha, matanga utayafanyia wapi? Ndiyo maana ninaomba kitu ambacho sijakiona kwenye bajeti yoyote: turubai, sufuria, gunia la maharage, na ulinzi wa usiku mbili tatu, ili watu waliokimbia waweze kuomboleza wafu ambao hawakuwazika. Msaidizi wa kisaikolojia aje pia, akae kwenye benchi kama jirani, na asitoe karatasi.

Nitaambiwa hiyo ni huruma, si tiba. Basi wasome utafiti wa Judith Bass na wenzake, uliotoka mwaka 2013, kuhusu wanawake 405 wa Kivu walionusurika ukatili wa kingono. Katika baadhi ya vijiji tiba ilifanywa kwa vikundi, ikiongozwa na wasaidizi wa hapa hapa, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mazoezi yalikaririwa kichwani. Miezi 6 baadaye, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9. Katika vijiji ambako mwanamke alisaidiwa peke yake walikuwa asilimia 42.

Kwa Wambuti, watu wa msituni wa upande wa Oicha, turubai halitoshi. Wachinjaji wamewafukuza msituni, na kwa jadi yao msiba mkubwa uliimbiwa msitu wenyewe, kwa ibada ya molimo, usiku baada ya usiku. Sheria ya 15 Julai 2022 inawatambua na kuwaahidi huduma za afya. Msitu haujarudishwa, na sidhani mshauri yeyote wa kambini anaweza kujifanya msitu.

Wala sisemi mila inatosha. Katika vyumba vya maombi wapo wagonjwa waliofungwa minyororo. Mtoto wa kifafa anaitwa mchawi ilhali fenobabitali, kidonge cha bei nafuu, ingemtuliza. Anayesikia sauti anahitaji dawa, na Tulizo Letu, hospitali ya akili ya Ndugu wa Upendo huko Goma, iko ng'ambo ya mstari wa vita tangu Januari 2025.

Mwaka 1954, huko Aro, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangisha wagonjwa wake wa akili katika vijiji vya jirani na hospitali, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia, akawaita waganga wa jadi wafanye naye kazi huku akiwaangalia. Nasi tunaweza kufanya hivyo: Butembo ina madaktari, ina chuo kikuu, na kartiye zake tayari zinalaza wakimbizi wasiohesabika. Muuguzi wa Kipese afundishwe kutoa vidonge vya kifafa na vya akili, na kujua ni mgonjwa gani wa kupandishwa pikipiki kuletwa mjini, na alipwe na Serikali, mwezi kwa mwezi, hata mwaka ambao hakuna mlipuko wa kuwaleta wafadhili.