Tusiwakimbize ndege wa Msimbati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Oktoba iliyopita kikundi chetu kilikwenda Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, kutazama vitwitwi na sululu. Wengine wao hutoka Siberia, tena hufika wamechoka na wana njaa. Hula maji yakipwa tu. Yakijaa, chakula kimefunikwa. Cha kusikitisha, baadhi yetu, watu wazima kabisa, waliwakimbiza ili wawapige picha wakiruka. Mzee mmoja mvuvi akatuuliza, "Nyie mkila mtu akawakimbiza, mtashiba?" Tulinyamaza, nami nikiwemo. Naomba wanaoongoza matembezi haya wawakanye watu kabla hawajashuka ufukoni.

Msomaji wako,
Mtwara.