Ruzuku za Kuzuia Unga na Lugha ya Mji wa Kale

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yafaa kukumbukwa kila panapozungumzwa fedha za kuwakinga vijana wa Mombasa na dawa za kulevya. Tangu heroini ilipoanza kuenea pwani katika miaka ya 1980, waliokilalia kitanda hicho ni wakazi wa Kibokoni, Kuze na Bondeni: mama anayeficha sufuria zisiuzwe, imamu, mwalimu wa madrasa, kocha wa timu ya mtaa na mraibu aliyepata nafuu. Je, ruzuku huwafikia hawa?

Kwamba watu wa namna hii wakiungana wanastahili kupewa fedha si jambo geni. Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 1997 ilitaka kila muungano wa jamii uwe na wawakilishi wa vijana, wazazi, shule, dini, polisi na makundi mengineyo. Aidha, saa za wanaojitolea zilikubaliwa kuhesabiwa kuwa mchango wa jamii mkabala na fedha za serikali. Kwa kipimo hicho, mabaraza ya Mji wa Kale ni tajiri.

Hata hivyo, utajiri huo hauonekani katika fomu. Mialiko ya wafadhili wa kimataifa aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na maombi hutakiwa kwa lugha iyo hiyo. Hivyo hupewa fedha yule ajuaye kuandika, wala si lazima awe ndiye ajuaye mtaa.

Hasara hii si ya haki tu, bali ni ya maarifa pia. Mtaa una msamiati wake: unga, teja, maskani, arosto. Anayetaja arosto anataja maumivu ya viungo, kutapika na usiku usio na usingizi, mambo yanayomrudisha kijana maskani hata akiwa amekwisha kutubu. Neno teja nalo limebeba dharau inayomfanya mzazi aufiche uraibu wa mwanawe. Mpango usioyajua maneno haya utaandaa semina pale anapohitajika mlezi.

Yuko atakayesema kwamba mwenye mali ndiye mwenye kuchagua lugha. Hoja hiyo haisimami kwa fedha za umma. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kwa mantiki hiyo, NACADA, iliyopewa hadhi ya mamlaka kwa sheria ya mwaka 2012, pamoja na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, zinapaswa kupokea maombi, bajeti na ripoti za Kiswahili kila zinapotoa fedha kwa vikundi vya mitaa. Wafadhili wa nje nao wakumbuke Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni: fedha zikikatika, hudumu lile tu ambalo mtaa wenyewe unalielewa na kulimiliki.

Wanafunzi wa Kiswahili hawana udhuru. Wengi wao huenda Mji wa Kale kutafuta tungo na misemo ya wazee. Basi na waketi barazani na akina mama pia, wawatafsirie fomu na kuwasaidia kuzijaza. Kijana wa Kuze hawezi kungoja mpaka mamaye ajifunze Kiingereza.